Maswali ya Daktari Niliyokujibia

Awuor mwanangu,

Leo ni Sabato, na unajua Sabato inavyomtesa mama yako. Hoteli imefungwa, kufua siruhusiwi, kupanga sanduku lako siruhusiwi, baba yako amelala kitini na Biblia kifuani, na wewe umekwenda kuagana na wanakwaya. Nimeizunguka nyumba hii mpaka kuku wananishangaa. Sanduku lako nimelifungua na kulifunga, kwa sababu nimeamua kwamba kulifungua si kazi, kazi ni kulipanga. Mwisho nimechukua karatasi. Kama kuandika barua nayo ni kazi, nitamuuliza mchungaji wiki ijayo, wewe ukiwa umeshafika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho unachokwenda kufundisha huko Samburu, na kwa sababu nikiandika kwa Dholuo nitalia kabla sijafika chini ya ukurasa. Usishike kalamu nyekundu. Hapa Lambwe tunakisema tunavyokiweza.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kufunga mlango, wala za wanaume wenye maneno matamu. Hayo tumeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Habari za maziwa ndiyo kabisa sitazigusa. Huko unakokwenda watakukaribisha kwa maziwa kwenye kibuyu, na utajua mwenyewe namna ya kuyakataa bila kumvunjia mtu heshima. Kuna jambo lingine, na limekuwa likinizunguka kifuani tangu Jumatatu.

Jumatatu uliinama kuchukua sufuria, ukaweka mkono kiunoni, ukabaki hivyo kidogo kama mtu anayesikiliza. Jumatano nikaona shuka lako kwenye kamba, na Jumatano si siku yako ya kufua. Jana ulikataa ugali ukasema ni joto. Joto gani, Awuor? Mvua imenyesha wiki nzima. Nimeyaona yote hayo na sijakuuliza. Mimi, ambaye humuuliza hata mgeni kwa nini soksi zake hazifanani, nimefunga mdomo wiki nzima, na usingizi umenikimbia. Naogopa homa ile imerudi. Tuliambiwa inaweza kurudi. Na kesho asubuhi unapanda basi kwenda mahali ambapo sipajui hata kwa picha.

Kwa nini sijauliza? Ili nikueleze, inabidi nirudi kwenye mwaka ule ulipokuwa kidato cha tatu. Unaujua mwaka ule, lakini unaujua kutoka kitandani. Upande wangu sijawahi kukusimulia.

Unajua kazi yangu ilivyo. Mtu akiingia hotelini kwangu, kabla hajaketi nimeshajua kama ni chai ya maziwa au ya rangi, chapati moja au mbili, na nimeshamwekea. Wateja wananisifu. "Nyar Rusinga anajua tumbo yako kuliko wewe," wanasema, wakiniita kwa kisiwa nilikozaliwa, kama tunavyoitwa wanawake walioolewa huku. Sifa hiyo niliichukua nikaja nayo nyumbani. Baba yako akiulizwa swali, nilijibu mimi. Dada yako Atieno akiulizwa, mimi. Wewe ulikuwa mpole kuliko wote, kwa hiyo wewe nilikujibia tangu ulipoanza kuongea. Siku ya kwanza ya shule mwalimu alikuuliza jina lako, nikalitaja mimi. Nilidhani huo ndio upendo, na kusema kweli, sehemu yake ulikuwa upendo. Sehemu nyingine ilikuwa haraka tu. Siwezi kumvumilia mtu anayefikiria kabla ya kusema.

Sasa tuje kwa ng'ombe. Mwaka ule Atieno alikuwa ameolewa upande wa Migori, kwa akina Ouma, na Silwal, yule ng'ombe mwekundu, alikuja hapa akiwa mmoja wa ng'ombe wa mahari yake. Nilimpenda ng'ombe yule kupita kiasi. Alikuja akiwa na mimba, na kila aliyepita njiani nilimwonyesha: mnaona wakwe zangu wanavyoheshimu watu? Atieno naye alikuwa na mimba. Kisha mimba ya Atieno ikaharibika. Alikuja hapa akalala kwenye kitanda chako siku kadhaa, akala kidogo, akarudi kwa mumewe. Wewe ulikuwa shuleni. Wanawake wa hapa wakaanza kunong'ona kama kawaida yao, nami nikawa napita katikati yao na ndoo kichwani nikijifanya sisikii.

Likizo ya Agosti ukaja nyumbani. Siku ile baba yako alikuwa Kendu Bay kwenye matanga, mimi nilikuwa hotelini, na wewe peke yako ndiye uliyemsikia Silwal akilia nyuma ya nyumba. Wakati wake wa kuzaa ulikuwa bado. Ukafanya ulivyomwona baba yako akifanya. Ukamvuta ndama kwa mikono mitupu, akatoka amekufa, na kondo la nyuma lilipokwama ukaingiza mkono ukalitoa nalo, kipande kwa kipande. Nilipofika ulikuwa umeketi chini, damu mpaka kwenye viwiko, mikono ina mikwaruzo ya miiba ya ua ulilokuwa ukilirekebisha asubuhi, na unamlilia ndama.

Mama mwingine angekuinua kwanza. Mimi nilitazama kwanza njiani kama kuna mtu anatuona. Kisha nikasema, "Tumzike haraka. Na usimwambie mtu. Mtu yeyote, umesikia?"

Ukauliza kwa nini.

"Unataka waseme ng'ombe ya Atieno inatupa mimba kama mwenyewe?"

Hayo ndiyo maneno niliyokuambia. Nilijua yatakavyotembea kutoka kisimani mpaka sokoni, kutoka sokoni mpaka Migori. Na wakwe wakisikia tunamsema vibaya ng'ombe wao, ni kama tumewatupia mahari yao usoni, na Atieno ndiye anayeishi katikati yao. Nilikuwa namlinda dada yako. Hilo bado nalisema bila aibu. Aibu yangu ni kwamba sikufikiria hata kidogo kwamba kulikuwa na binti mwingine wa kulindwa, na alikuwa mbele yangu ananawa mikono kwa maji matupu.

Shule zilipofunguliwa ukarudi bwenini. Haukupita muda wakaanza kupiga simu. Homa. Wakakupa dawa ya malaria, ukapata nafuu, homa ikarudi. Ikawa inakuja jioni, inakulowesha shuka usiku, na asubuhi unaamka mwili umepoa kabisa. Waliokuona asubuhi walisema huumwi. Mwalimu wa zamu alisema unakwepa mtihani. Nami nikamuunga mkono kwenye simu, wewe ukiwa umesimama pale pale unasikia: "Huyo ni uvivu tu, mwalimu, mrudishe darasani." Maneno hayo huwa yananirudia nikiwa nakanda unga, na nikikumbuka naukanda kwa nguvu zaidi.

Mwishowe ukaletwa nyumbani. Goti likavimba, mgongo ukauma, ukawa unashuka kitandani kama ajuza. Kwenye duka la dawa wakasema taifodi, wakakudunga sindano. Haikusaidia, wakasema ni taifodi sugu, wakakudunga nyingine. Mzee jirani yetu, ambaye kwao walikufa watu kwa malale enzi zile mbung'o wa pori la Ruma walikuwa wakali, alikuona ukisinzia mchana akasema usingizi huo anaujua. Nyanya yako wa Rusinga akapiga simu kuuliza ni mwiko gani tumevunja hapa nyumbani, maana kwake mtu akikonda bila sababu hiyo ni chira. Majirani hawakusema kitu. Kwanza walikutazama tumbo. Walipoona unakonda wakaacha tumbo wakaanza kutazama mashavu. Unajua walichofikiria. Huku kwetu kila boma limezika mtu kwa ugonjwa ule. Nilikupeleka ukapimwa virusi, nikakaa nje kwenye benchi nikiomba, na majibu yalipotoka kwamba huna, nikamshukuru Mungu, kisha nikaogopa zaidi. Sasa ulikuwa unaisha kwa kitu kisicho na jina.

Ndipo tukaenda hospitali kubwa mjini Homa Bay. Daktari alikuwa msichana mpole, na alikutazama wewe, si mimi.

"Homa ilianza lini?"

"Mwezi wa tisa, daktari," nikasema.

"Unakohoa?"

"Hakohoi."

"Nyumbani mnakunywa maziwa bila kuchemsha?"

Hapo nilijinyoosha kitini. "Daktari, mimi niko na hoteli. Maziwa yangu inachemka mpaka inapanda, nashusha, inapanda tena. Uliza mtu yeyote Lambwe."

Akatabasamu. "Na mifugo? Kuna ng'ombe ama mbuzi imetupa mimba karibuni? Ama kuna mnyama umesaidia kuzaa?"

Swali hilo lilikuwa lako. Niliona macho yako yakija kwangu. Na kwenye kona, anayepima watu uzito alikuwa kijana, binamu wa Ouma shemeji yako, aliyetusalimia kwa furaha tulipoingia na kuuliza habari za nyumbani.

"Hakuna," nikasema. "Ng'ombe zetu ziko sawa."

Daktari akaandika. Wewe ukatazama sakafu. Sikuhitaji hata kukufinya paja, kama mama yangu alivyokuwa akinifinya mimi kule Rusinga mgeni akiniuliza kitu. Nilikuwa nimekulea vizuri kuliko hivyo.

Nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi. Lile la maziwa lilikuwa kweli tupu, na nadhani ndilo lililomfanya aniamini kwenye lile la ng'ombe. Daktari haoni zizi letu. Anaona tulichomwambia, basi. Kwa hiyo akafuata njia nyingine: kifua, figo, damu. Kila kipimo kikarudi bila kitu. Tukarudi nyumbani na dawa za maumivu, na njiani nikawalaumu madaktari wa siku hizi, kwa sauti, mpaka abiria wengine wakaniunga mkono.

Ulipofika mahali pa kubebwa kwenda msalani, Atieno akasema tukulete Migori, kuna daktari watu wanamsifu. Baba yako akatafuta gari. Tukalala kwa akina Ouma, na asubuhi mkwe wangu, Mama Ouma, akakataa kubaki nyumbani. Akaja nasi hospitalini na chupa ya chai mkononi. Yeye na Atieno wakaketi kwenye benchi nje ya mlango, mimi nikaingia nawe.

Daktari huyo alikuwa mtu mnene mwenye mafua. Akauliza homa ilianza lini, nikajibu. Akauliza ni wapi panauma, nikajibu. Akauliza unalala vipi, nikafungua mdomo, naye akaweka kalamu mezani.

"Mama, umekunywa chai leo?"

"Bado."

"Basi toka nje ukunywe chai. Mimi nataka kuongea na huyu ako na homa."

Mimi! Kutolewa nje na kuambiwa nikanywe chai! Mama Ouma alinimiminia, sikushika kikombe. Nilitembea ukumbi ule kwenda na kurudi, nikasoma matangazo yote ukutani, hata ya chanjo za watoto wachanga. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu nilijua utaulizwa nini. Nami sikujua naomba useme au naomba unyamaze. Nakuandikia hili ulijue, kwa kuwa usoni kwako nisingeweza kulitamka: mtoto wangu alikuwa anaisha, na bado kulikuwa na kipande changu kilichoomba anyamaze.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akasimama pale na kitambaa puani.

"Mama, nimemuuliza kama kuna mnyama ilizaa vibaya huko kwenu. Ananiambia nikuulize wewe, eti mama alimkataza kusema. Ulimkataza kusema nini?"

Nilitazama benchi. Mama Ouma ameshika kikombe. Atieno ananitazama, na uso wake bado ulikuwa ule wa siku alizolala kwenye kitanda chako. Nilikuwa na mabinti wawili na neno moja, na lingemwangukia mmoja wao.

Nikalisema. "Ng'ombe ilitupa mimba. Hiyo ya mahari, Silwal. Awuor ndiye alivuta ndama na mikono, na ile kondo pia." Kisha nikamgeukia mkwe wangu. "Mama Ouma, nisamehe. Sikutaka isemekane mlituletea ng'ombe mbaya." Kwa Atieno sikuweza kugeuka.

Mama Ouma aliweka kikombe chini polepole. Nilingoja asimame aende zake, na angekuwa na haki.

"Nyar Rusinga," akasema, "hata huku kwetu zilitupa. Ile msimu tuliwaletea Silwal. Mzee akasema tunyamaze, mkisikia mtarudisha ng'ombe na mtoto wenu pia." Kisha akamtazama daktari. "Na huyo mzee mwenyewe, si ako na homa tangu mvua kubwa? Tunampatia tu dawa ya malaria."

Daktari alisahau mafua yake. Akamwita Mama Ouma ndani, akamwita Atieno ndani, nami nikaruhusiwa kurudi. Tukajazana mle chumbani, familia mbili zilizokuwa zikifichana kitu kimoja. Wewe ulikuwa umelala kwenye kitanda cha wagonjwa ukitutazama, na naapa nilikuona ukicheka kidogo.

Alichotueleza unakijua kuliko mimi, lakini niache niseme nilivyokielewa. Kuna kijidudu kinaitwa brusela. Kinakaa ndani ya ng'ombe na mbuzi, kinaharibu mimba zao, na hakuna mahali kinapojaa kama kwenye kondo na maji ya uzazi. Anayekunywa maziwa mabichi hukipata. Anayevuta ndama kwa mikono yenye mikwaruzo hukipata pia, hata kama mama yake huchemsha maziwa mpaka yaombe msamaha. Ndani ya mtu huleta homa ya kuja na kwenda, jasho, viungo, mgongo, kwa miezi, na hufanana na kila ugonjwa tunaoujua huku. Kipimo cha haraka kilisema kipo, lakini daktari hakuridhika nacho, akapeleka damu kwenye maabara kubwa.

"Hiki kipimo cha haraka hudanganya," alituambia. "Wengine inawaambia wako nayo na hawana. Mimi nasikiliza hadithi kwanza. Hadithi ndiyo ilikuwa imepotea hapa."

Hakunitazama alipolisema hilo. Namshukuru mpaka leo.

Atieno aliuliza lake kwa sauti ndogo sana, kama ndicho kilichomharibia mimba. Daktari hakusema ndiyo wala hapana. Akasema inawezekana, akampima, akamkuta nacho. Alitibiwa yeye, akatibiwa baba mkwe wake, na leo Atieno ana mtoto anayekojolea viti vyangu vyote. Yaani lile neno nililolificha ili kumlinda ndilo alilokuwa akilihitaji zaidi ya sisi sote. Nikilifikiria hilo nashindwa kuketi.

Wewe ulikunywa dawa wiki nyingi, mkojo ukawa mwekundu, majirani wakaona vidonge wakasema ni TB. Safari hiyo niliwaambia wote ukweli, tena hotelini, kwa sauti, mbele ya chai zao. Wawili watatu wakaacha kuja. Mmoja alirudi kuniuliza kando juu ya mbuzi wake. Silwal alipimwa na daktari wa mifugo, akachinjwa badala ya kupelekwa mnadani akaharibu boma la mtu mwingine. Nilimlilia kuliko nilivyowalilia baadhi ya watu.

Sasa usidhani nimekuja kuwa mtu mwingine. Wiki iliyopita fundi alimuuliza baba yako anataka mlango wa rangi gani, nikasema bluu kabla hajageuza kichwa. Ndivyo nilivyo. Lakini kuna kitu nimejifunza, na kimenigharimu kukijua: mtu akijibiwa miaka mingi, hata akiachiwa nafasi hajui pa kuanzia. Ulipoachiwa nafasi na yule daktari, jambo la kwanza ulilosema ni kwamba mama alikukataza. Sikuudhika. Ndilo lililokuokoa. Ila nilijua siku hiyo kwamba nilikuwa nimeketi juu ya ulimi wako bila kujua uzito wangu.

Huko darasani kutakuwa na mtoto ambaye wenzake humjibia. Utamtambua, wewe hasa. Mngoje. Hata kengele ikilia, mngoje. Mimi sikuwahi kungoja, na ndiyo sababu wiki hii nimeufunga mdomo wangu. Maana najijua, nikikuuliza nitauliza hivi: "Huna homa, sivyo, nyathina, mwanangu?" Jibu likiwa ndani ya swali. Nawe utasema, "Sina, mama," kwa kuwa utasoma usoni kwangu ninachotaka. Na mwenyewe sijui ninataka nini. Nataka uende, nimewatangazia watu wote kwamba mwanangu ni mwalimu. Nataka ubaki nikuguse paji la uso kila jioni. Utasoma lipi kati ya hayo? Ukienda na homa mwilini kwa sababu nilitaka uende, au ukibaki bila homa kwa sababu niliogopa, yote mawili yatakuwa ni mimi tena nimekujibia.

Nasikia sauti yako nje ukiongea na baba yako. Naficha karatasi.

Jua limetua, Sabato imekwisha, nimerudi kwenye barua. Wewe ulikuwepo sasa hivi, unajua kilichosemwa. Lakini nataka ujue mimi nilisikia nini.

Uliingia jikoni, nikasema, "Awuor." Ukasema, "Mama." Kisha nikanyamaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, na nimebeba mawe ya nyumba hii. Niliona unangoja nimalizie, kama kawaida. Niliona ukielewa kwamba simalizii. Ukavuta kigoda ukaketi. Ukatazama mikono yako kwa muda mrefu, nami nikang'ata ulimi kweli kweli, si kwa maneno tu.

"Mgongo inaniuma," ukasema. "Na jasho, tangu wiki iliyopita. Alhamisi nilienda hosi Homa Bay."

Alhamisi! Mimi nikidhani uko kwa msusi. Ukasema uliwasimulia yote, tangu Silwal, ndama, kondo, goti, dawa ulizomaliza, na kwamba mamako alikuwa amekukataza kusema. Wamechukua damu. Daktari amesema baada ya miaka yote hii si kawaida homa hiyo kurudi, huenda ni kitu kingine, lakini hawezi kusema hapana kabla ya kuona majibu. Amekuruhusu kusafiri, na amekuelekeza hospitali ya huko. Majibu yatakuja wiki ijayo.

Nilikuwa na maswali ishirini. Nikauliza moja la kijinga kuliko yote. "Na nani alikupeleka?"

"Hata wao waliniuliza hivyo, mama. Umeletwa na nani. Nikawaambia, nimejileta."

Ulilisema tu, ukainuka ukachukua maji ya kuoga. Kwanza iliniuma, sitakuficha. Msichana wangu ameketi peke yake mbele ya daktari, hana mtu pembeni, na mimi niko hapa nageuza chapati. Kisha nikakuona akilini, mle chumbani mwa daktari, jinsi ulivyokuwa: unaulizwa, unafikiria, unajibu. Sehemu yangu mbaya nayo ukaisema, kwa sababu ilihitajika, na hukunitafuta kwa macho.

Nenda, Awuor. Nilikuwa nimejipanga kukuzuia na sasa sina sababu. Majibu yakija, yatakuja kwenye simu yako, nawe utakuwa wa kwanza kujua kilichomo mwilini mwako. Mimi nitakuwa huku sijui kitu, na haitakuwa rahisi, lakini sitapiga simu kuuliza. Nitangoja mpaka utakapotaka kuniambia.

Ni mimi,
Mama yako